Sayyid Majid bin Said, Mtawala Aliyeuanzisha Mji Wetu



Kila asubuhi maelfu ya watu huvuka kwa kivuko kutoka Kigamboni, hushuka Kivukoni, na kushika njia zao. Wengine huenda ofisini, wengine huenda Kariakoo kununua na kuuza, wengine hospitali, wengine shule. Mji huu sasa ni mkubwa mno. Kwa hesabu ya sensa ya mwaka 1967 mkoa mzima ulikuwa na watu laki chache tu, na kwa sensa ya mwaka 2022 wamepita milioni 5. Lakini miaka mia na sitini na kitu iliyopita, pale penye majengo marefu palikuwa na vichaka, minazi michache, na kijiji cha wavuvi kilichoitwa Mzizima.

Mtu aliyeamua kwamba hapo pajengwe mji alikuwa Sayyid Majid bin Said, mtawala wa Unguja kutoka mwaka 1856 hadi 1870. Alikuwa Mwarabu wa ukoo wa Busaidi na Mwislamu. Hata hivyo habari zake zatuhusu sisi Wakristo wa mji huu kwa sababu mbili. Kwanza, mji tunaoishi na kuabudu ndani yake ni kazi ya mikono yake, au tuseme kwa haki zaidi, ni kazi ya mikono ya watu aliowaamuru. Pili, yeye ndiye aliyekuwa akitawala Unguja wakati wamisionari wa Kanisa letu walipofika huko mara ya kwanza, naye aliwapokea. Basi tumeona vema kuwasimulia maisha yake kwa kifupi.

Kuzaliwa kwake na nyumba ya baba yake

Majid alizaliwa yapata mwaka 1834. Baba yake alikuwa Sayyid Said bin Sultan, mtawala mashuhuri wa Oman aliyeipenda Unguja kuliko nchi ya wazee wake, akauhamishia utawala wake huko. Ni Sayyid Said aliyesitawisha kilimo cha karafuu Unguja na Pemba, na kuzifanya bandari za pwani yetu zijulikane Bombay, Marseille na Amerika.

Mama yake Majid aliitwa Sara. Alikuwa suria kutoka nchi ya Wacherkesi, karibu na Bahari Nyeusi. Kwa desturi ya nyumba ile, mtoto wa suria alikuwa mtoto halali wa baba yake, na hakuzuiwa kurithi. Sayyid Said alipokufa aliacha watoto zaidi ya thelathini, kila kundi na mama yake. Ndugu msomaji ataelewa kwamba katika nyumba ya namna hiyo upendo ulikuwapo, lakini wivu nao haukukosekana.

Tangu ujana wake Majid hakuwa na afya njema. Uso wake ulikuwa na makovu ya ndui, na mara kwa mara alipatwa na kifafa. Waliomjua wamemweleza kuwa mtu mpole, mwenye adabu na mkarimu, asiyependa ukali. Kulikuwa na waliouita upole huo udhaifu, na miongoni mwao alikuwamo ndugu yake mmoja, Barghash.

Jinsi alivyopata utawala

Sayyid Said aliposafiri kwenda Oman mwaka 1854, alimwacha mwanawe Khalid kuangalia Unguja. Khalid akafa mwaka ule ule. Ndipo Majid, kijana wa miaka ishirini hivi, alipoteuliwa kushika mahali pake.

Mwezi Oktoba 1856, Sayyid Said alikuwa baharini akirudi Unguja katika merikebu yake iliyoitwa Victoria. Akaugua njiani, akafa tarehe 19 karibu na visiwa vya Shelisheli. Barghash alikuwa pamoja naye katika safari hiyo. Merikebu ilipofika, Barghash aliushusha mwili wa baba yake usiku na kuuzika kimya kimya, naye akajaribu kuishika ngome kabla mji haujajua kwamba mtawala amekufa. Askari wa ngome wakakataa kumfungulia. Kulipokucha habari zikaenea, na Majid akatangazwa kuwa mtawala.

Hivyo utawala wake ulianza na msiba, na pia na mashaka. Huko Oman kaka yake mkubwa, Thuwain, alidai kwamba milki yote ya baba yao ni yake, Unguja ikiwamo. Unguja ndiyo iliyokuwa na mali: karafuu, pembe za ndovu, na ushuru wa forodha. Kwanza wakapatana kwamba Majid ampe Thuwain reale 40,000 kila mwaka. Mapatano hayo yakavunjika. Mwaka 1859 Thuwain akapakia askari katika merikebu zake, akaanza safari kuja kuiteka Unguja. Watu wa Unguja wakajiandaa kwa vita. Lakini manowari ya Waingereza ikamkuta njiani na kumshauri arudi, naye akarudi.

Uasi wa mwaka 1859

Hatari hiyo haijasahauliwa, na nyingine ikatokea nyumbani. Mwezi Oktoba mwaka huo huo Barghash aliasi, akisaidiwa na kabila la Waharthi waliokuwa na nguvu kisiwani. Dada zake wawili, Khole na Salme, walimwunga mkono. Salme alikuwa msichana wa miaka kumi na mitano tu, lakini kwa kuwa alijua kuandika, jambo lililokuwa la nadra kwa wanawake wa wakati ule, yeye ndiye aliyeandika barua za waasi.

Majid alipoizunguka nyumba ya Barghash kwa askari, dada hao walikwenda kumtembelea ndugu yao, wakamtoa nje usiku akiwa amefunikwa mavazi ya kike, wakapita naye katikati ya walinzi. Barghash akakimbilia shamba moja liitwalo Marseilles, ambako waasi walikuwa wamejenga boma. Majid akashindwa kuwatoa kwa nguvu zake mwenyewe. Akaomba msaada kwa Balozi wa Uingereza, na mabaharia wa manowari ya Kiingereza wakashuka pwani. Waasi wakatawanyika. Barghash akajisalimisha, akapelekwa Bombay, akakaa huko miaka kama miwili.

Dada zake je? Watu wengi walitazamia kwamba wangeadhibiwa vikali. Majid hakuwaadhibu. Baada ya muda Barghash naye akaruhusiwa kurudi nyumbani, akaishi katika mji ule ule na ndugu aliyetaka kumpindua. Ni watawala wachache wa siku zile, Ulaya au Uarabuni, ambao wangefanya hivyo.

Lakini tusisahau upande wa pili. Kiti cha Majid kilikuwa kimeokolewa mara mbili katika mwaka mmoja, na mara zote mbili kiliokolewa na manowari za Waingereza. Mtu akikuokoa mara mbili, mara ya tatu hangoji kuitwa. Tarehe 2 Aprili 1861, Lord Canning, aliyekuwa Gavana Mkuu wa India, aliamua ugomvi wa ndugu wale wawili: Unguja na Oman ziwe nchi mbili mbalimbali, na Majid aendelee kumlipa Thuwain reale 40,000 kila mwaka. Mwaka uliofuata, 1862, Uingereza na Ufaransa zikatoa tamko la pamoja la kuheshimu uhuru wa nchi hizo mbili. Majid akawa mtawala huru kwa maandishi, lakini tangu hapo kila neno kubwa lilipita kwanza katika nyumba ya Balozi.

Utajiri na chanzo chake

Sasa tufike kwenye jambo ambalo haifai kulificha. Utawala wa Majid ulikula mkate wa biashara ya watumwa. Karafuu za Unguja na Pemba zilichumwa na watumwa. Pembe za ndovu zilibebwa mabegani kutoka bara. Forodha, iliyokuwa imekodishwa kwa wafanyabiashara wa Kihindi, ilitoza ushuru kwa kila mtu aliyeshushwa kutoka jahazini, kama ilivyotoza kwa gunia la karafuu.

Kwa mkataba ambao baba yake alitia saini mwaka 1845, ilikuwa haramu kupeleka watumwa nje ya milki ya Unguja. Lakini kuwasafirisha ndani ya milki hiyo, kati ya Kilwa na Lamu pamoja na visiwani, kuliruhusiwa. Hesabu za forodha ya Kilwa zinaonyesha kwamba katika miaka mitano iliyoishia 1867 watu zaidi ya 97,000 walipitishwa katika bandari ile moja. Wengi walitoka pande za Ziwa Nyasa, katika nchi za Wayao, Wanyasa na Wangindo. Hiyo ndiyo hesabu ya waliofika pwani wakiwa hai na kulipiwa ushuru. Waliokufa njiani hawakuandikwa na mtu.

Majid alibanwa na Waingereza alegeze biashara hiyo. Mwaka 1864 alikataza kusafirisha watumwa kwa bahari katika miezi ya kwanza ya mwaka, wakati majahazi ya Kiarabu ya kaskazini yanapokuja na upepo wa kaskazi na kuiba watu. Amri hiyo ilipunguza kidogo wizi wa watu mjini, lakini shina la mti halikuguswa. Mtawala mwenyewe alikuwa na mashamba na watumwa wengi, na wakuu wa Kiarabu waliomzunguka walikuwa hivyo hivyo. Upole wake wa moyo, uliowatosha ndugu zake walioasi, haukufika huko.

Wageni wa Unguja

Katika enzi yake Unguja ilikuwa mlango wa kuingilia bara. Burton na Speke walianzia safari yao huko mwaka 1857, walipokwenda hadi Ziwa Tanganyika, na Speke akaliona Ziwa Nyanza mwaka 1858. Speke na Grant wakaja tena mwaka 1860, na Majid akawapa watu na askari wa kuwasindikiza. Mwezi Januari 1866 akafika Daktari David Livingstone akitokea Bombay, akiwa na barua ya Gavana wa huko na meli ya moshi iitwayo Thule, zawadi ya Serikali ya Bombay kwa mtawala. Majid alikuwa anaumwa taya siku zile, hata hakuweza kwenda kuitazama meli yake mpya. Lakini alimpokea Livingstone kwa heshima na kumpa barua za kuwaagiza watu wake wa bara wamsaidie. Mwezi Machi Livingstone akaondoka kwenda mto Ruvuma, katika safari ambayo hakurudi.

Kabla ya hapo, mwishoni mwa Agosti 1864, walikuwa wamefika wageni wa aina nyingine. Walikuwa Askofu William Tozer na Daktari Edward Steere wa Misheni ya Vyuo Vikuu, yaani UMCA. Misheni hiyo ilikuwa imeanza kazi karibu na mto Shire, na huko Askofu Mackenzie na wenzake kadhaa wakafa kwa homa na njaa. Tozer akaona ni afadhali kuanzia Unguja, kulea vijana na kujifunza lugha, kisha kuingia bara kutoka hapo.

Hawakuwa na mwanafunzi hata mmoja. Ndipo Majid akawapa watoto watano wa kiume, waliokamatwa katika jahazi la watumwa lililojaribu kukwepa ushuru. Watoto hao hawakuwa na baba wala mama wa kuwauliza, wala hawakujua watu hawa weupe watawafanya nini. Wengi wao, kama watumwa wote waliotoka mbali, walikuwa wameambiwa kwamba Wazungu hula watu. Lakini kwa watoto hao watano shule ya misheni ilianza, na mwaka uliofuata manowari ya Kiingereza ikaleta wengine.

Miongoni mwa hao wa kwanza walikuwamo John Swedi na George Farajallah. Mwaka 1870 wote wawili walifanywa mashemasi wadogo, wakawa Waafrika wa kwanza wa misheni ile kupewa daraja ya utumishi. Na Steere, aliyejifunza Kiswahili kwa kusikiliza watu wa Unguja na vijana hao wa shuleni, akatoa mwaka huo huo kitabu chake cha kufundishia lugha ya Kiswahili, kisha akaendelea na kutafsiri Maandiko. Kiswahili tunachosalia leo kina alama za kazi iliyofanyika katika nyumba ile, chini ya utawala wa Majid.

Watano kati ya maelfu! Mtu anaweza kusema kwamba mtawala alitoa kile ambacho hakikumgharimu kitu, kwa maana watoto hao walikuwa mali iliyokamatwa forodhani. Ni kweli. Lakini ni kweli pia kwamba hakulazimishwa kutoa, na kwamba Mwislamu yule hakuona vibaya kuwapa wageni wa dini nyingine nafasi ya kukaa na kufundisha katika mji wake. Mwaka 1868 mapadri wa Kikatoliki nao walipata ardhi Bagamoyo katika enzi yake.

Habari moja ya familia yake yafaa kutajwa hapa. Dada yake Salme, yule mwandishi wa barua za waasi, alipatana tena na Majid, jambo ambalo Barghash hakulisahau. Baadaye akapendana na mfanyabiashara wa Kijerumani aliyeitwa Heinrich Ruete. Mwaka 1866 aliondoka Unguja kwa siri katika manowari ya Kiingereza, akaenda Aden. Huko, mwezi Mei 1867, alibatizwa katika kanisa la Kianglikana kwa jina la Emily, akafunga ndoa siku hiyo hiyo, akaenda kuishi Ujerumani. Kitabu cha maisha yake, kilichotoka mwaka 1886, ndicho kinachotueleza mengi kuhusu nyumba ya Sayyid Said na tabia ya Majid.

Mji mpya bara

Turudi sasa katika mji wetu. Mwaka 1862 ndio unaotajwa na wengi kuwa mwaka ambao Majid aliuchagua Mzizima, na katika mwaka 1865 na 1866 ujenzi ulipamba moto. Kwa nini alitaka mji mwingine, naye alikuwa na Unguja?

Sababu ya kwanza ilikuwa bandari. Bagamoyo, ambako misafara mingi ya bara iliishia, haina bandari ya maji marefu. Majahazi hukaa mbali, na mizigo hubebwa na watu wakikata maji hadi kifuani. Lakini Mzizima kulikuwa na mlango mwembamba unaoingia katika ghuba pana yenye maji marefu, iliyokingwa na upepo pande zote. Sababu ya pili ilikuwa biashara. Majid alitaka pembe, sandarusi na mali nyingine ya bara ipite mahali anapopashika mwenyewe. Sababu ya tatu ilikuwa amani yake binafsi. Unguja kulikuwa na ndugu wenye hila, wakuu wa Kiarabu wenye madai, wadai wa Kihindi, na mabalozi waliotaka kujua kila kitu. Huku ng'ambo angeweza kupumua.

Akauita mji wake Dar es Salaam, maana yake kwa Kiarabu ni nyumba ya amani. Jina hilo ni moja ya majina ya peponi katika dini yake. Wengine wamelifasiri kuwa bandari ya salama, na kwa hakika hata maana hiyo inalingana na mahali penyewe.

Ardhi hiyo haikuwa tupu. Washomvi walikuwa wakivua na kufanya biashara kando ya bahari, na Wazaramo walikuwa wakilima nyuma yao. Ilimbidi Majid apatane na majumbe na wakuu wao. Kisha kazi ikaanza. Vichaka vikafyekwa, minazi ikapandwa, visima vikachimbwa, na njia pana ikapimwa kando ya bandari. Mawe ya matumbawe yalikatwa, chokaa ikachomwa, na boriti za mikoko zikaletwa kwa majahazi. Jumba la mtawala likasimama likitazama maji, na karibu yake nyumba za wageni na za watu wake. Waarabu wa Hadhramaut na wafanyabiashara wa Kihindi wakashawishiwa kuja kufungua maduka. Sehemu kubwa ya kazi ngumu ilifanywa na watumwa.

Mwezi Septemba 1867 Majid aliwaalika mabalozi wa Uingereza, Ufaransa, Ujerumani na Marekani kuja kuuona mji wake, akawafanyia karamu kubwa. Hiyo yaweza kuwa ilikuwa siku ya furaha kuu katika maisha yake. Mtu aliyesumbuliwa na magonjwa na ndugu zake tangu utoto alikuwa sasa amekaa katika nyumba aliyoijenga mwenyewe, hakurithi kwa mtu wala hakunyang'anyana na mtu, akiwaonyesha wageni bandari nzuri kuliko zote za pwani hii.

Mwisho wake

Furaha hiyo haikudumu. Mwaka 1869 kipindupindu kiliingia pwani kutoka bara, na hadi mwaka 1870 kilikuwa kimeua maelfu ya watu Unguja na Mrima. Biashara ikalegea, madeni ya mtawala yakazidi, na mwili wake ukazidi kudhoofika. Inasimuliwa kwamba aliumia kwa kuanguka katika jumba lake jipya la Dar es Salaam. Tarehe 7 Oktoba 1870 alifariki dunia, akiwa na miaka kama thelathini na sita. Hakuacha mtoto wa kiume. Binti yake, Khanfora, aliolewa baadaye na Hamud bin Muhammed, aliyetawala Unguja kutoka mwaka 1896 hadi 1902.

Aliyerithi kiti chake alikuwa Barghash, yule yule aliyeasi. Barghash hakuutaka mji wa ndugu yake. Ujenzi ukasimama, watu wengi wakarudishwa Unguja, majumba yakaachwa bila mapaa. Wasafiri waliopita miaka michache baadaye walikuta miti imeota ndani ya kuta. Lakini mji haukufa kabisa. Wazaramo waliendelea kuleta sandarusi na vyakula, Wahindi wachache walibaki na maduka yao, na wavuvi hawakuwa na sababu ya kuondoka.

Ni Barghash pia ambaye, kwa kubanwa na Waingereza, alilifunga soko la watumwa la Unguja mwezi Juni 1873. Mahali pa soko hilo Steere, aliyefanywa askofu mwaka uliofuata, alijenga kanisa kuu ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa siku ya Krismasi 1873. Majid hakuiona siku hiyo, wala hakuifanyia kazi.

Wajerumani walifika Dar es Salaam mwaka 1887, na mwaka 1891 wakahamishia hapa makao makuu yao kutoka Bagamoyo. Sababu yao ilikuwa ile ile ya Majid: bandari. Reli ikafuata, ikafika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914. Kijiji kikawa mji, mji ukawa jiji.

Yaliyobaki

Leo jumba la Majid halipo. Lakini nyumba yake ya wageni, Boma la Kale, bado imesimama Sokoine Drive, pembeni mwa Morogoro Road, ikiwa na kuta nene za matumbawe na dari ya boriti kama zile za Unguja. Mtu akitoka hapo kwa miguu hadi Kariakoo, anatoka katika mji wa Majid na kuingia katika mji uliokuja baada yake. Kariakoo ilipata jina lake kutokana na Kikosi cha Wapagazi cha jeshi la Waingereza, kilichopiga kambi hapo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa katika vita ile kwa njaa, maradhi na uchovu, na majina ya wengi wao hayakuandikwa popote.

Basi katika mwendo wa nusu saa tunapita kati ya majina mawili. Moja latoka kwa mtawala aliyetafuta amani, na jingine latoka kwa watu waliobeba mizigo. Mji huu umejengwa na wote wawili. Majid alikuwa mtu mwema kwa ndugu zake, mkarimu kwa wageni, mvumilivu kwa wenye dini nyingine, na kwa hayo anastahili kukumbukwa kwa heshima. Lakini amani aliyoitafuta aliijenga kwa jasho la watu ambao hawakuwa nayo, naye hakuonekana kuliona jambo hilo.

Tusiwe wepesi wa kumhukumu. Kila kizazi kina watu wake wanaobeba mizigo bila kutazamwa usoni. Wapo wasukuma mikokoteni wa Kariakoo, wapo wasichana wa kazi za nyumbani waliotoka mikoani wakiwa wadogo, wapo vibarua wanaolala karibu na saruji wanayoipakua. Jina la mji wetu ni zuri mno. Tulilorithi kwa Majid ni jina hilo na bandari. Kazi ya kulifanya jina liwe kweli kwa kila aishiye humu ameiacha kwetu.